Dada, usiogope chuma kizito

Na Zuhura Mbwana

Ingia jimu yoyote ya mtaani jioni. Wanaume wako kwenye vyuma vizito. Wanawake wamepewa vya kilo mbili warudie mpaka wachoke. Ukiuliza, utaambiwa kizito kitawapa mwili wa kiume. Anayeambiwa hivyo huenda asubuhi alijitwisha ndoo ya lita 20, na hakuna aliyemwonya.

Hofu hii inasingizia testosteroni, homoni ambayo mwanamke anayo kidogo mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanamume. Mwaka 1993 William Kraemer na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake kwa mitindo tofauti: uzito wa kurudia mara 5 na kupumzika dakika 3, na mwepesi kidogo wa kurudia mara 10 na kupumzika dakika 1. Testosteroni haikupanda. Mtindo wa mapumziko mafupi ndio uliopandisha zaidi homoni ya ukuaji.

Walimu wengi wa jimu wakaishia hapo: kimbiza seti, usipumzike, homoni zipande. Lakini zinapanda kwa muda mfupi tu, kisha zinashuka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, waliona testosteroni ya wanaume, baada ya mazoezi ya miguu, ikipanda mara 45 zaidi ya ile ya wanawake, ilhali misuli ya pande zote mbili ilijijenga kwa kasi ileile. Kwa hiyo msichague zoezi kwa kufukuza homoni. Misuli inataka mzigo na chakula cha kutosha.

Kama kuna homoni ya kuifikiria, ni estrojeni, inayoshuka hedhi inapokoma na kuuacha mfupa ukipungua. Huko Australia, wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua walinyanyua vizito, seti 5 za mara 5, nusu saa, mara 2 kwa wiki, kwa miezi 8. Walianza taratibu na mwalimu akiwa pembeni. Mifupa ya kiuno chao iliongezeka msongamano kwa takriban asilimia 3. Ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ilipungua.

Mama yangu, kama mgongo au presha inakusumbua, muone daktari kwanza. Kisha mwambie mwalimu akufundishe kuinua chuma kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, na akuongezee uzito kila unapouzoea.