Tulichanga, tusomeeni hesabu



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo kina mama wengi wa huku Mara tunalo, ila tukilisema kijijini linaishia hapo hapo. Ninaishi Turwa, mjini Tarime. Shamba langu liko bondeni, upande wa Serengeti, kuelekea Mto Mara, na ndugu zangu wako huko huko.

Anayeifahamu Tarime kwa kupita barabara ya Sirari hudhani nchi yote hii ni migomba na kahawa. Milimani ni kweli, mvua ipo. Ukishuka bondeni mambo ni mengine. Vuli ikikosa, mahindi hukauka kabla ya kubeba, na watu hubaki kutegemea mtama na muhogo. Ng'ombe huswagwa mwendo mrefu hadi mtoni, na mabinti zetu huchota maji kwenye mto huo huo wenye mamba.

Miaka kadhaa iliyopita lilikuja shirika moja. Tuliitwa mkutanoni, tukaulizwa shida yetu kubwa ni ipi. Tulisema lambo, kwa kuwa watu na mifugo wanagombea maji yale yale. Tukajibiwa kwamba fedha zilizopo ni za kisima kirefu cha pampu ya mkono. Tukakubali. Kila kaya ikatoa mchango. Wanaume walichimba na kupasua kokoto, sisi tukasomba mchanga na mawe, wengine kwa punda, wengi kwa kichwa. Kamati ya maji ikaundwa, wanawake wakiwamo, na mweka hazina wetu alikuwa mama aliyeandika kila shilingi ya kila dumu. Fedha zikibaki zilipelekwa benki kwa ajili ya matengenezo, na mkutano mkuu ulisomewa hesabu. Kwa muda ule hakuna aliyekataa kulipa.

Baadaye kamati yetu ikaunganishwa na za vijiji vingine kuwa chombo kimoja kikubwa. Daftari likachukuliwa, akaunti ikahamishwa. Tangu siku hiyo hatujasomewa mapato wala matumizi. Kisha pampu ikaharibika. Fundi aliyeifungua alisema zimeisha washa za mpira, kazi ya siku moja kwa mwenye vipuri. Leo mkono wa pampu umefungwa mnyororo na kina mama wamerudi mtoni. Ofisi ya kijiji ilituelekeza kata, kata ikatuelekeza kwenye chombo, na chombo kikatuambia fedha zimetumika kwenye bomba la kijiji kingine. Nani aliidhinisha? Hatukupata jibu.

Naomba nieleweke, Mhariri. Sipingi kuunganisha vyombo vya watumia maji. Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliona mbali katika jambo hili: kamati ya kijiji kimoja haiwezi kuajiri fundi na mhasibu, chombo cha vijiji kadhaa kinaweza. Ninachopinga ni kuhamisha fedha za watu bila watu wenyewe kuulizwa wala kuambiwa. Mchango wetu wa mawe na jasho huandikwa kwenye taarifa za mradi kuwa ni nguvu kazi ya wananchi, na mgeni rasmi huusifu siku ya uzinduzi. Linapokuja suala la kuamua, wananchi hao hao hawatafutwi tena.

Na ahadi tulizopewa si za jana. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi karibu na nyumbani. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasema lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Sasa kuna mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, ambao Tarime na Mugumu ya Serengeti zimo. Tunaushukuru. Lakini bomba la mji halitafika kila kitongoji cha bondeni, na huko kisima cha pampu ya mkono ndicho kitakachobaki tegemeo kwa muda mrefu.

Maafisa maendeleo ya jamii nao tungependa kuwaona. Mkoa wetu una chuo cha kuwafundisha, Buhare pale Musoma. Afisa wa kata anayesimamia vijiji vingi bila pikipiki wala mafuta hawezi kujua pampu ipi imekufa, na sioni haki kumlaumu yeye. Apewe usafiri.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Tunataka mkutano ujao wa kijiji chetu uje na mhasibu wa chombo, akiwa na daftari na taarifa ya benki, atusomee: fedha zetu zilikuwa kiasi gani siku zilipohamishwa, zimetumika wapi, na kwa uamuzi wa kikao kipi. Sehemu ya makusanyo ya kila kijiji ibaki kwa vipuri vya kijiji hicho, na wanaochota maji ndio waamue kiwango. Washa zinunuliwe kabla ya kiangazi.

Nimesikia kuna mradi mwingine unaandaliwa, safari hii wa lambo, na kwamba tutaombwa kuchanga. Kina mama wa kikundi chetu cha VICOBA tumezungumza. Mawe tutasomba na fedha tutatoa, hesabu za kisima zikishasomwa.

Msomaji wako,
Turwa, Tarime