Ushuru wa Gunia: Twataka Hesabu Iwe Wazi



Huenda mmoja wenu akauliza: sisi tuliozungukwa na bahari, habari za Kibondo na Kasulu, huko milimani kwa Waha, zatuhusu nini? Zatuhusu. Kila mfanyabiashara wa Unguja na Pemba aijua adha ya bidhaa iliyolipiwa kodi hapa, kisha ikadaiwa tofauti ifikapo Bara. Kwani Kodi ya Ongezeko la Thamani si jambo la Muungano, na kiwango chetu cha kawaida kilishushwa hadi 15 kwa mia ilhali cha Bara ni 18. Mkulima wa Kasulu naye ana bahari yake ya kuvuka. Haina maji, bali ina kizuizi cha njiani na karani wa stakabadhi.

Mkoa wa Kigoma una halmashauri 8. Kasulu peke yake ina mbili, ya Mji na ya Wilaya. Na mwaka 2012 Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu, Kakonko kutoka Kibondo. Kila mpaka mpya una ofisi mpya, na kila ofisi yataka mapato.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yamtaka mnunuzi, si mkulima, alipe ushuru wa mazao, nao hukadiriwa kwa bei ya shambani. Mwaka 2017 Serikali iliushusha kutoka 5 kwa mia hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, ikamsamehe mkulima asafirishaye mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Maneno mazuri, wala hatuyakatai.

Lakini na tushike kalamu. Gunia la maharage la kilo 100, tuseme kilo ni shilingi 1,500, lina thamani ya 150,000. Ushuru wa 2 kwa mia ni 3,000. Bei ikianguka hadi 1,000, ushuru wapaswa kuwa 2,000. Palipo na desturi ya kutoza fedha ile ile kwa kila gunia, bei ipande ishuke, ushuru umekwisha kuwa 3 kwa mia, na Bunge halikuulizwa! Na huyo mnunuzi aitwaye mlipaji? Hakuna mchuuzi mjinga hivyo. Huukata ushuru katika bei anayomtajia mkulima, kisha hushindilia lumbesa juu ya gunia, kilo zizidi 100 kwa malipo ya gunia moja.

Watu husema mazao mabichi yamesamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, basi mkulima ana raha. La hasha! Anunuapo bati la shilingi 23,600 kwa muuzaji aliyesajiliwa, ndani yake mna kodi 3,600: bei igawe kwa 118, uzidishe kwa 18. Akienda duka dogo la kijijini ndiyo giza zaidi. Tangu Julai 2023 mwenye mauzo yasiyofika milioni 200 kwa mwaka halazimiki kusajiliwa. Lakini kodi alikwisha kuilipa kwa mwenye jumla, hana pa kuirudishiwa, naye huitia ndani ya bei ya sabuni. Mnunuzi haioni popote. Huko Marekani bei ya rafuni kwa kawaida haina kodi. Ya jimbo na ya mji huongezwa wakati wa kulipa, na mtu huiona katika stakabadhi. Hatuzisifu bei zao. Twasifu kule kuonekana.

Basi twataka kila mnada na kila kizuizi, Kasulu hata Kibondo, kiwe na ubao ulioandika kiwango cha ushuru, bei ya shambani iliyotumika siku hiyo, na ule msamaha wa tani moja kwa herufi kubwa. Mizani itangulie, stakabadhi ifuate. Na madiwani wa huko watamke hadharani bei hiyo ya shambani huwekwa na nani, na mkulima gani aliyekuwapo ilipowekwa.