Waya, Nyaya, na Shaba Ipitayo Tunduma

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba radhi kuleta barazani petu jambo ambalo huenda wengine wakaliona la dukani zaidi kuliko la kalamu: namna ya kuchagua nyaya za spika, redio na runinga za nyumbani. Nimelileta kwa sababu moja. Nilipokwenda kununua nyaya hizo hapa mjini Tunduma, nilidanganywa, na kilichonidanganya kilikuwa neno. Anayedanganywa kwa neno, shauri lake linawahusu watu wa maneno.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi kwa simu sauti za wazee wakighani mashairi yao. Mmoja wao hatunaye tena, na sauti ile ndiyo pekee iliyobaki. Nilipopata sabufa yenye spika mbili, niliwaalika wenzangu waje sebuleni tumsikilize. Nyaya zilizokuja ndani ya boksi zilikuwa fupi na nyembamba kama uzi wa kushonea, nami nilitaka spika moja ikae ukuta wa pili. Nikaenda dukani.

Muuzaji alinionyesha aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya pakiti inayong'aa, ncha zake rangi ya dhahabu. Ya pili ilikuwa imeviringishwa tu, inakatwa kwa mita. Nikauliza tofauti yake.

"Mwalimu, hii ni orijino. Ile ni ya kawaida."

"Orijino maana yake nini?"

"Orijino ni orijino, mwalimu. Hutajuta."

Nikaigeuza pakiti. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza na Kichina, na katika hayo ya Kiingereza hapakuwa na unene wa waya wala jina la madini yaliyomo ndani yake, bali sifa tupu. Nikalipa, nikaondoka na orijino yangu.

Jioni wenzangu walipofika, sauti ya mzee ilitoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa mtungini. Besi haikuwapo. Vina vilisikika, lakini ule uzito wa kifua, ambao ndio uliomfanya mzee yule asikilizwe, ulikuwa umetoweka. Kesho yake nikamwita fundi, kijana aliyewahi kupita mikononi mwangu darasani.

Alichukua wembe, akaukwangua uzi mmoja wa ule waya. Chini ya wekundu kukatokea weupe. "Shikamoo yangu haibadilishi ukweli, mwalimu," akacheka. "Hii si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba." Kisha akainama nyuma ya spika. "Na hapa kuna jingine. Spika zako zinapingana. Moja ikisukuma, nyingine inavuta." Nilikuwa nimeunga spika moja sawasawa, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, na nyingine nikaiunga kinyume. Akabadili ncha mbili tu. Mzee akarudi na kifua chake.

Haki itendeke: lile kosa la mtungi lilikuwa langu, si la waya. Lakini alumini iliyouzwa kwa jina la orijino haikuwa kosa langu. Ndipo nilipotambua kwamba katika siku mbili nilikuwa nimesikia Kiswahili cha aina mbili. Kimoja kilikuwa na neno lisiloweza kupimwa. Kingine kilikuwa na maneno yanayoweza kuthibitishwa kwa wembe na kwa sikio: shaba, alumini, kupakwa, kusukuma, kuvuta, kupingana. Hoja yangu leo ni kwamba kazi yetu ni kukiandika hiki cha pili hadi mnunuzi akiwa nacho kinywani anapoingia dukani.

Hebu tuone ni maneno mangapi anayohitaji. Kwanza, shaba. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya uwezo wa shaba ya unene uleule. Shaba pia ni nzito zaidi ya mara 3 kuliko alumini ya ujazo huohuo, kwa hiyo waya mnene unaokaa mkononi kama unyoya una la kujieleza. Pili, unene na urefu, ambavyo huenda pamoja. Mafundi umeme wetu huuita waya kwa tarakimu zake tu: moja nukta tano, mbili nukta tano, yaani milimita za mraba. Kwa spika iliyo umbali wa mita 5, waya wa shaba wa 1.5 una ukinzani usiofika hata sehemu 1 kati ya 30 ya ukinzani wa spika ya omu 4. Ukitumia ule wa boksini, ulio mwembamba kiasi cha 0.3, ukinzani hufikia sehemu 1 kati ya 7, na nguvu iliyokusudiwa kwenda kwenye spika inapotea njiani kama joto. Tatu, ncha. Dhahabu haishiki kutu, na hiyo ndiyo faida yake. Haiongezi utamu wa sauti.

Kwa nyaya nyingine mambo ni mepesi zaidi. Zile pini tatu tulizozizoea, nyekundu ni sauti ya kulia, nyeupe ni ya kushoto, njano ni picha. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti kwa tarakimu: zikifika, zimefika, zikishindwa, picha huganda au kumetameta na sauti hukatikakatika. Hakuna HDMI ya mita 2 itakayoifanya sauti ya mghani iwe nzito zaidi kwa sababu tu bei yake ni mara tano. Maelezo yote hayo nimeyaandika kwa Kiswahili, wala sikulazimika kubuni hata neno moja.

Najua baadhi ya wenzetu watanikatiza hapa. Watasema: waya wenyewe ni neno la Kiingereza, basi tutafute la Kibantu kwanza ndipo tuzungumze. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Litazameni neno hilo lilivyofanywa na wasemaji. Wimbo mmoja, nyimbo mbili. Wayo mmoja, nyayo mbili. Waraka mmoja, nyaraka mbili, ingawa waraka ulitoka kwa Waarabu. Na waya mmoja, nyaya mbili. Halikuwapo baraza lililokaa kuamua kwamba neno hili la kigeni liingizwe katika ngeli ya wimbo. Watu walisikia silabi ya kwanza, wakaitambua, wakalipa neno wingi wake kama wanavyompa mgeni jina la ukoo. Neno lililokwisha kupewa wingi wa aina hiyo ni letu.

Wala sidharau kubuni. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba yenye runinga ilihitaji kifaa kipya, na kifaa hicho kikaja na jina lake: king'amuzi, kutokana na kung'amua. Leo bibi kule Vwawa au Mlowo hulitamka bila kusita. Neno lile lilishika kwa sababu lilimfikia mnunuzi pamoja na kitu chenyewe, tena kwa kitenzi alichokuwa nacho tangu utoto. Neno linaloishi kamusini peke yake, huku dukani wakisema orijino, halimsaidii mtu.

Nami nasema haya kutoka Tunduma, mahali ambapo jambo hili lina uchungu wake. Barabara inayotoka Zambia kupitia Nakonde huingia kwetu ikiwa na malori yaliyobeba mabamba ya shaba kutoka machimbo ya Zambia na ya Kongo, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Tunayaona kwenye foleni kila siku. Shaba hupita mbele ya milango yetu ikienda ng'ambo. Bandarini huingia bidhaa za viwandani, na humo mna alumini iliyopakwa ngozi ya shaba, nayo hupandishwa barabara ileile hadi kwenye rafu za maduka yetu. Na neno la Kiswahili la madini haya halikuwahi kuwa dogo: jimbo zima la Katanga liliitwa rasmi Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Itakuwaje basi mnunuzi wa mji huu asimame mbele ya kaunta bila kuthubutu kuuliza swali la maneno matatu: "Ndani ni shaba?"

Nadhani hathubutu kwa kuwa amefundishwa kwamba ufundi una lugha yake na si hii anayoisema. Sisi washairi tumechangia. Tumetunga beti nyingi za kuisifu lugha, na chache za kuitumia kueleza kitu kinachoweza kumwokolea mtu fedha zake. Tunabishana iwapo ni waya au kebo, runinga au luninga, huku fundi aliyeketi kibandani amekwisha kutamka sentensi ambayo mimi, na miaka yangu yote ya vina na mizani, nisingeweza kuipata: "Moja ikisukuma, nyingine inavuta."

Nilirudi dukani, safari hii kununua ule wa kuviringishwa. Nikauliza unene, nikauliza kilichomo ndani, nikaomba wembe. Muuzaji alinitazama kidogo, kisha akautoa kutoka kwenye droo. Chini ya wekundu kulikuwa na wekundu. Nikakatiwa mita 12.

Tangu siku hiyo nimefungua daftari la maneno ya mafundi. Lina kurasa nne tu, na yote yametoka Tunduma. Ninawaomba nanyi mnitumie ya kwenu. Ninyi mlioko Mombasa, Bukavu, Unguja au Maskati, spika zinapopingana, mafundi wenu husemaje?