Pua Isihukumiwe kwa Damu Peke Yake

Mtu anayepiga chafya mara kumi mfululizo kila alfajiri, pua ikimtiririka majimaji mepesi, macho yakimwasha na kaakaa likimtekenya, huhesabiwa miongoni mwetu kuwa ana mafua tu. Hupewa antibiotiki, akazimaliza, na baada ya majuma mawili akarudi kupewa nyingine. Akiwa mwalimu, hufundisha leso ikiwa mkononi. Akiwa karani, husinzia juu ya majalada kwa sababu ya vidonge vya klorofeniramini alivyojinunulia dukani. Hakuna anayemwita mgonjwa, kwa kuwa mzio wa pua hauui. Lakini humwibia mtu usingizi wake na utumishi wake, na mara nyingi huandamana na pumu, ambayo huua.

Ndivyo ulivyo upande mmoja wa jambo hili, nao ni wa kupuuza. Upande wa pili umekuja nyuma yake, nao ni wa kuabudu mashine. Katika miji yetu sasa mtu mwenye uwezo huweza kutolewa damu, akapimwa kingamwili iitwayo IgE, kisha akaingizwa puani darubini nyembamba yenye taa, na sura ya ndani ya pua yake ikaonekana katika kioo. Ni maendeleo, wala hakuna sababu ya kuyabeza. Hata hivyo vipimo hivi vina mipaka, na mipaka hiyo ni mikali zaidi Masieda wilayani Mbulu kuliko ilivyo Stockholm.

Tuanze na damu. Neno mzio kwa maana yake ya kitabibu lilitolewa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna, lakini kitu chenyewe kinachobeba mzio katika damu kilijulikana miaka sitini baadaye, yapata 1966 na 1967, pale Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden, walipoitambua IgE kila kundi kwa njia yake. Kwa mtu mwenye mzio, kingamwili hii hujishikiza juu ya chembe fulani zilizomo katika utando wa pua. Chavua ya nyasi au kinyesi cha utitiri wa vumbi kikigusa hapo, chembe hizo hufunguka na kumwaga histamini, na chafya huanza mara moja.

Kwa hiyo, atauliza msomaji, si tuipime tu IgE na kumaliza ubishi? La. Mwili wa binadamu hauitumii kingamwili hiyo kwa chavua peke yake. Huitumia pia, na kwa wingi sana, kupambana na minyoo. Askari, safura, kichocho, tegu: wote hupandisha IgE ya jumla, na wote huweza kupandisha eosinofili, zile chembe nyeupe za damu ambazo maabara nyingine huzihesabu kuwa dalili ya mzio. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya huchukua uniti 100 hivi kwa mililita kuwa mpaka wa IgE ya jumla kwa mtu mzima. Mpaka huo umewekwa kwa watu ambao karibu wote hawana minyoo.

Wilaya ya Mbulu inafahamika vizuri kwa watafiti katika jambo hili. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa kituo kimojawapo cha utafiti wa MAL-ED uliofuatilia maambukizo ya tumbo na ukuaji wa watoto katika nchi nane. Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine amechunguza kwa miaka mingi tegu wa nguruwe katika vijiji vya Mbulu, na Haydom hiyohiyo imekuwa mahali pa kuchunguza uhusiano wa tegu huyo na kifafa. Basi mchukue mkulima mmoja wa Masieda mwenye pua inayotiririka, umpime IgE ya jumla, na ipande kupita kiasi. Umejua nini? Umejua kwamba ana mzio, au ana minyoo, au ana vyote viwili. Hayo ungaliyadhania kabla ya kumchoma sindano, na pesa yake ingalibaki mfukoni.

Kuna hatari kubwa zaidi ya kupoteza pesa. Mkulima huyo akiambiwa kwamba damu yake imethibitisha mzio, hakuna atakayepima choo chake. Atatumia dawa za chafya huku tegu akiendelea kukaa naye. Na kinyume chake hutokea pia: wengi wenye mzio wa kweli wana IgE ya jumla isiyozidi kawaida, na wengine huitengeneza ndani ya pua peke yake, kiasi kwamba damu haionyeshi kitu. Hao hurudishwa nyumbani kwa maneno kwamba hawana ugonjwa.

Kipimo cha IgE mahsusi, kinachotafuta kingamwili ya kitu kimoja kimoja, ni bora zaidi, na kiwango cha uniti 0.35 kwa mililita ndicho kinachotumika mahali pengi kuwa mwanzo wa kuhesabu. Lakini nacho kina hila zake. Protini moja ya misuli ya utitiri inafanana na ile ya mnyoo wa askari, hivyo damu iliyomjua mnyoo yaweza kudhaniwa imemjua utitiri. Tena, orodha za vitu vinavyopimwa zimejaa chavua za miti ya Ulaya Kaskazini ambayo mkulima wa Masieda hajapata kuiona. Kipimo cha kuchoma ngozi, chenye kusomwa baada ya robo saa kwa kutazama kivimbe cha milimita tatu au zaidi, ni rahisi kuliko hicho, ilimradi mgonjwa ameacha antihistamini siku kadhaa kabla na anayepima amefunzwa.

Darubini ya pua nayo ina kazi yake njema. Huonyesha vinyama vya ubavuni mwa pua vilivyovimba na kupauka, huonyesha polipu mithili ya zabibu iliyomenywa, usaha unaotoka katika mianzi ya uso, na ukuta wa pua uliopinda. Lakini rangi ya vinyama haitoshi kuthibitisha mzio. Thamani ya chombo hiki ni kutuonyesha kile ambacho si mzio. Mtu aliyezibwa tundu moja tu la pua, anayetoa damu mara kwa mara upande mmoja, au asiyepata nafuu kwa dawa iliyotumiwa sawasawa, huyo apelekwe kwa mtaalamu wa pua bila kuchelewa, kwa maana huenda ni uvimbe. Mtoto anayetoa uchafu wenye harufu katika tundu moja, yaelekea amejiingizia punje ya mahindi.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yanawanyima wanavijiji vifaa vya kisasa. Sikubaliani nao. Anayemnyima mwanakijiji haki yake ni yule anayemtoza nauli ya kwenda mjini na gharama ya kipimo kisichoweza kumjibu, ilhali katika zahanati yake hakuna dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ambayo ndiyo tiba kubwa ya mzio wa pua uliokolea. Tabibu anayeuliza maswali kwa makini huupata mzio huu mara nyingi bila mashine: Je, chafya zaja lini? Macho yawasha? Nyumbani kuna nani mwenye pumu? Dalili zaja zaidi ya siku nne kwa juma, na zaidi ya majuma manne mfululizo? Aongeze hapo maswali ya mahali petu. Vumbi la kiangazi na moshi wa kuni huudhi pua hata ya mtu asiye na IgE ya kitu chochote, na katika nyumba za jadi za Wairaqw mifugo hulala chini ya paa moja na watu.

Linalotakiwa kwanza, basi, ni mafunzo kwa matabibu wa zahanati, choo kupimwa kabla ya damu, na dawa ya kupuliza kupatikana pamoja na mtu wa kumwonyesha mgonjwa namna ya kuielekeza ubavuni, si katika ukuta wa kati wa pua. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani yasitumike kupita siku tano hivi, kwani yakizidi huizibisha upya.

Walimu wana nafasi yao hapa, na si ndogo. Mwanafunzi anayesinzia darasani wakati wa mitihani huenda amepewa nyumbani kidonge cha chafya cha aina ya kulevya, na zipo antihistamini kama setirizini na loratadini zenye kusinziza kidogo zaidi. Mwalimu anayemwona mtoto akijikuna pua kila siku aandike katika daftari siku, saa na mahali dalili zilipoanza, muhula mzima, na mtoto aende zahanati na daftari hilo mkononi.