RISALA YA WAGONJWA WA PARKINSON NA WANAOWAUGUZA KWA MHESHIMIWA MKUU WA WILAYA



Tunakushukuru kwa kuja kwetu leo, tarehe 11 Aprili, Siku ya Parkinson Duniani. Ni siku aliyozaliwa James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Risala hii ilianza kuandikwa na mwenzetu, mwalimu mstaafu. Alipofika mstari wa tatu herufi zilikuwa zimesinyaa kama punje za ulezi, binti yake akapokea kalamu. Mwandiko kusinyaa ni dalili mojawapo ya ugonjwa wenyewe, hivyo ukurasa ule tumeuambatisha uuone.

Mheshimiwa, huu si uzee wala si kulogwa. Ndani ya ubongo zimo seli zinazotengeneza dopamini, ambayo huuwezesha mwili kutii pale mtu anapotaka kunyanyuka au kushika kitu. Seli hizo zikifa, mkono hutetemeka, viungo hukakamaa na mwendo huwa mzito. Tiba ya kuuponya haijapatikana, lakini dawa ya kuturudishia mwili ipo: levodopa pamoja na carbidopa, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu.

CHANGAMOTO ZETU

Ya kwanza ni dawa. Mwalimu wetu humeza kidonge saa 12 asubuhi, na saa 1 anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Ikifika saa 4 nguvu ya dawa imekwisha, na chai yake inamiminwa nusu kikombe ili isimwagike. Sisi tunaishi kwa saa. Lakini mara nyingi tukifika dirisha la dawa tunajibiwa, "Hakuna, kanunueni nje." Asiye na fedha hukatisha dozi ghafla, jambo ambalo ni la hatari.

Ya pili ni kutotambuliwa. Utafiti uliofanyika nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kuwa wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Kwetu ni hivyo hivyo. Mama mmoja kati yetu alizungushwa kwa waganga miaka miwili, na majirani wakaanza kumnong'ona kuwa mchawi. Mwingine alipolazwa alipewa dawa zake kwa ratiba ya wodi badala ya saa zake. Alipotapika akachomwa metoclopramide, dawa ambayo huzidisha ugonjwa huu. Alikakamaa mwili mzima.

Ya tatu ni hali ya wanaotuuguza, wengi wao wake zetu na mabinti zetu. Wanaamka usiku kutugeuza kitandani, na mchana genge limefungwa. Mmoja wao aliona baba yake akifika mlangoni miguu inaganda kama imepigiliwa misumari. Siku moja mpini wa fagio ukawa umelala kizingitini. Mzee akauona, akainua mguu, akauvuka. Tangu hapo mpini haubanduki pale. Hakuna aliyemfundisha binti huyo. Wenzake nao wasingejua, kama tusingekutana Jumapili moja chini ya mwembe baada ya ibada.

MAOMBI YETU

1. Levodopa na carbidopa ziwemo katika maoteo ya dawa ya hospitali ya wilaya na vituo vya afya, na mgonjwa ambaye hali yake imetulia apewe za miezi mitatu, kama wanavyopewa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

2. Matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuutambua ugonjwa huu, kumpa mgonjwa aliyelazwa dawa kwa saa zake, na kujua dawa zinazomdhuru.

3. Tupewe chumba katika kituo cha afya siku moja kila mwezi, kwa mazoezi ya viungo na kwa wanaouguza kufundishana. Viti tutaleta wenyewe.

4. Halmashauri itutambue tulioshindwa kufanya kazi kuwa watu wenye ulemavu, ili tufikiwe na asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya kundi hilo. Akina mama wanaotuuguza waelekezwe namna ya kuunda vikundi na kuomba mikopo ya wanawake.

5. Watendaji wa vijiji na viongozi wa dini waseme hadharani kwamba kutetemeka si uchawi. Wawaonye pia wanaotafuna mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa, lakini kiasi chake hakipimiki kwa kiganja.

HITIMISHO

Mheshimiwa, ratiba ya leo ilikuwa imetuweka baada ya ngoma na hotuba. Tuliomba tutangulie, na tunawashukuru waandaaji kwa kukubali. Anayekusomea risala hii ni yule mwalimu. Sasa ni saa 4 kasoro dakika kumi, na angependa kukukabidhi karatasi hizi kwa mkono wake mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.