Mashini Moja kwa Kila Parseli

Ndugu zangu wa hapa Lubumbashi, wa komini za Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi na Kampemba, leo tuongee habari ya meza ya saluni. Katika nyumba zetu nyingi meza ni hiyo hiyo moja: hapo tunakula bukari, hapo mama anapiga pasi, hapo mtoto anaandika kazi ya shule sahani zikishaondolewa. Ukimwambia baba wa nyumba hiyo anunue kompyuta, anawaza lile sanduku kubwa la ofisini, lenye feni inayonguruma, na anakujibu kwamba hana pa kuliweka. Anasema kweli. Ila siku hizi kompyuta za mezani si sanduku lile tu.

Maofisi mengi duniani hutumia mashini ndogo: Dell walikuwa wakiiita OptiPlex Micro, HP wana EliteDesk Mini, Lenovo wana ThinkCentre Tiny. Upande wake ni sentimita 18 hivi, unene sentimita tatu na nusu, uzito kilo moja na kitu. Skrini nyingi zina matundu manne ya skrubu mgongoni, yamekaa mraba wa milimita 75 au 100. Kwa kibati chake maalumu mashini inafungwa hapo hapo nyuma, mgeni akiingia anaona skrini tu. Chakula kikiiva, klavye inapandishwa juu ya kabati na meza ni yenu tena.

Ninachowaomba ni hiki: kila parseli iwe na mashini moja ya namna hii, ya watoto wote wanaokaa humo, wa mwenye parseli na wa wapangaji. Najua mtasema kila mtu ana simu. Simu inatosha kwa WhatsApp na kusoma habari, lakini jaribu kuandika nayo TFC (kazi ya kumalizia masomo) ya kurasa arobaini, yenye majedwali na maelezo ya chini ya ukurasa, uone. Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika kazi kwa mkono, wakaipeleka sekretaria, wakalipa kila ukurasa unaochapwa, wakalipa tena profesa akirudisha masahihisho. Siwalaumu wenye sekretaria. Nao wana watoto wa kulisha. Lakini kijana anayetoka chuo kikuu pale Kasapa na diploma mkononi, vidole vyake bado vikitafuta herufi moja moja, tumemtuma vitani bila ngao.

Wengine watauliza, kwa nini si laptop? Hoja hiyo ni nzito. Delestaji ikiingia, laptop yenye betri nzima inaendelea kama hakuna kilichotokea. Shida iko kwenye hiyo betri nzima. Laptop ya okazi hutufikia betri imechoka, bawaba zimelegea, na inabaki imechomekwa ukutani saa zote. Kitufe kimoja kikifa unafungua mashini nzima. (Na labda kobalti iliyomo ndani ya betri ile ilichimbwa Kolwezi: imezunguka dunia, imeturudia maiti.) Kwenye mashini ya mezani kila kitu kiko peke yake. Klavye iliyokuja ya Kiingereza unaitoa, unanunua ya AZERTY, na mtoto anapata é na ç zake bila kuhangaika.

Tena kuna umeme wenyewe. Sehemu ya umeme wa Katanga inasafiri kutoka Inga, zaidi ya kilomita 1,700, kwa laini iliyofunguliwa mwaka 1982. Ukifika kwenye ukuta wako Katuba una haki ya kuyumba. Hapa udogo wa mashini unasaidia kuliko hata kwenye nafasi. Chaja yake imeandikwa wati 65, lakini hicho ni kikomo. Ukiwa unaandika au kusoma tu, inakula kati ya wati 10 na 25. Ongeza skrini ya inchi 20, wati 20 hivi, jumla haizidi sana 40. Onduleri ndogo, betri yake ikiwa mpya, itakuvusha karibu nusu saa, muda wa kumalizia aya, kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Sanduku kubwa la zamani lingekupa dakika chache za kukimbizana. Na parseli yenye betri ya sola ya volti 12 na amperi-saa 100, mkitumia nusu yake tu ili isife mapema, itawasha mashini na skrini kwa saa kumi hivi. Mwanafunzi gani atasoma zaidi ya hapo usiku mmoja?

Sasa twende dukani, maana hapa ndipo watu wanaliwa. Usilipe kabla mashini haijawashwa mbele ya macho yako. Mashini iliyotoka ofisini mara nyingi imefungwa kwa neno la siri tangu inapowaka, kabla hata Windows haijatokea. Muuzaji akikuambia "hiyo si kitu", mwambie aifungue yeye. Dai chaja yake yenyewe. Dell, kwa mfano, hukagua chaja na kulalamika ikikuta ngeni. Uliza wifi: nyingi ziliishi kwa kebo ya ofisi, hazina kadi wala antena, na wewe intaneti yako yote inatoka kwenye simu. Dawa yake ni kuunganisha simu kwa waya wa USB, au kununua kidude cha wifi cha kuchomeka. Geuza mgongo wa mashini utazame matundu: nyingi zina DisplayPort bila HDMI, na ukitaka kutumia televisheni ya saluni kama skrini utahitaji waya wa kubadilisha. Diski iwe SSD, kwa sababu ile ya zamani inayozunguka haipendi kukatiwa umeme ghafla. Kumbukumbu isipungue giga 8.

Halafu soma namba ya prosesa. i5-8500T ni ya kizazi cha 8, i5-6500T ni ya kizazi cha 6. Ile T ya mwisho inaonyesha imetengenezwa kula umeme kidogo. Tofauti ya 8 na 6 ni pesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai, kwa kawaida, kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo muuzaji wa kizazi cha 6 ndiye anayepaswa kushusha bei. Msiidharau lakini: mkiiwekea Linux Mint na LibreOffice, zote za bure na zote zinaongea Kifaransa, itamfikisha mtoto kwenye memwari yake.

Mkishaifikisha nyumbani, mama zangu, nawasihi: ile nguo nzuri ya kudarizi tunayofunika televisheni isiifunike hii ikiwa inawaka, inahitaji kupumua. Kiangazi, vumbi jekundu likianza, ipulizwe kila mwezi ikiwa imezimwa.

Pesa? Kuna likelemba. Nyumba nne za parseli moja zinazochangiana kwa mazishi na arusi zinaweza kupeana zamu hii pia. Andikeni saa za kila mtoto kwenye karatasi, mbandike ukutani, na wasichana wapewe saa zao za mchana kama ndugu zao, siyo baada ya kuosha vyombo.

Nanyi wakubwa wa maofisi ya mjini, ya migodi na ya mashirika, nina neno lenu pia. Kwa sababu ya hiyo Windows 11 mnabadilisha mashini, na za zamani zinarundikwa depo hadi panya wazizoee. Zitoeni sasa, wakati bado zina thamani. Wauzieni wafanyakazi wenu kwa bei ya kindugu, au zipelekeni kwenye shule za mitaa, ambako vijana wa ufundi watazisafisha na kujifunza humo humo. Futeni siri zenu kwenye diski, ondoeni neno la siri la kuwashia, na kila mashini ifungiwe chaja yake kwa mpira kabla haijatoka getini.