Asubuhi baharini, jioni mlimani?

Ndugu msomaji, kama una jamaa zako Ulaya wanaopanga kupeleka familia mapumziko katika kisiwa cha Tenerife, huko visiwa vya Kanari vya Hispania, wasomee safu hii. Kuogelea na kutembea ni afya, hatupingi. Tunachopinga ni ile tabia ya kutaka kumaliza kisiwa kizima kwa siku moja.

Kisiwa hicho kina mlima Teide, mita 3,715. Mtu hutoka ufukweni kwa gari, kisha hupanda chombo kinachoning'inia kwenye waya, na kwa dakika chache yuko mita 3,555. Hewa huko ni haba. Mgonjwa wa moyo na mama mjamzito wabaki chini, hata kama tiketi imeshalipiwa!

Lakini anayetutia hofu zaidi ni kijana aliyezamia asubuhi na mtungi wa hewa. Chini ya maji, gesi ya naitrojeni huyeyuka ndani ya damu. Akikimbilia mlimani kabla haijamtoka, hufanya mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa ghafla. Maumivu ya viungo hufuata, na wengine hupooza. Wala si lazima afike kileleni, kwani barabara yenyewe hupita mita 2,000.

Baada ya kuzamia, asubiri saa 24. Au aanze na mlima, bahari iwe kesho yake. Watoto wanaoogelea juu juu hili haliwahusu. Wao wavalishwe kofia tu, maana baridi ya mlimani huficha ukali wa jua.